Kashfa ya posho za wabunge Uingereza: Chanzo chake, gharama za watumishi na somo kwa mabunge mengine

Na Mwandishi Wetu

NYUMBA ndogo ya bata, iliyojengwa kwa mbao ikaelea katikati ya bwawa la bustani, iligharimu pauni 1,645. Aliyeiombea fedha alikuwa mbunge wa Uingereza, Sir Peter Viggers, na stakabadhi yake ilipelekwa katika ofisi ya malipo ya Bunge pamoja na hesabu nyingine za bustani. Ofisi hiyo iliikataa hesabu ya bata. Hata hivyo, habari hiyo ilipochapishwa mwezi Mei 2009, wananchi hawakujali kama fedha zililipwa au hazikulipwa. Kilichowaumiza ni kwamba mtu aliyechaguliwa kuwawakilisha aliona si vibaya kuomba.

Tangu wakati huo, kila mara zogo la posho za wanasiasa linapoibuka katika nchi yoyote, kashfa ile ya Uingereza hutajwa. Ndiyo iliyoonyesha kwa upana zaidi jinsi utaratibu halali kwenye makaratasi unavyoweza kugeuka kuwa kidonda cha taifa. Ndiyo pia iliyozaa taasisi inayowanyang'anya wabunge mamlaka ya kujipangia malipo yao wenyewe.

Mzizi wa tatizo

Ili kuelewa kilichotokea mwaka 2009 ni lazima kurudi nyuma hadi mwaka 1971. Katika mwaka huo Bunge la Uingereza lilianzisha posho ya gharama za ziada, iliyokusudiwa kuwasaidia wabunge wanaotoka majimbo ya mbali na London. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Mbunge analazimika kuishi mahali pawili: jimboni kwake, na London ambako vikao vinafanyika. Si haki gharama ya nyumba ya pili itoke mfukoni mwake.

Lakini katika miaka iliyofuata posho hiyo ilipewa kazi nyingine isiyoandikwa popote. Serikali moja baada ya nyingine iliogopa kuwaongezea wabunge mishahara, kwa kuwa nyongeza ya namna hiyo huwakasirisha wapiga kura. Badala yake posho zikapandishwa kimyakimya. Wabunge wapya walipoingia walikuta mazoea kwamba posho ni sehemu ya ujira, na kwamba asiyeichukua yote anajipunja mwenyewe.

Kufikia mwaka 2009 mshahara wa mbunge wa kawaida ulikuwa zaidi ya pauni 64,000 kwa mwaka. Posho ya nyumba ya pili pekee ilifikia takriban pauni 24,000. Kwa fedha hizo mbunge aliweza kulipia riba ya mkopo wa nyumba, kodi ya pango, samani, matengenezo, usafi na hata chakula. Kwa miaka mingi hakutakiwa kuonyesha stakabadhi ya matumizi yasiyozidi pauni 250. Kiwango hicho kilishushwa hadi pauni 25 mwaka 2008, baada ya malalamiko kuanza.

Ofisi iliyokuwa ikihakiki hesabu hizo ilikuwa idara ya Bunge lenyewe. Makarani wake walikuwa wakiwahudumia wabunge, na wabunge ndio waliokuwa wakuu wao. Karani aliyemkatalia mbunge mwenye sauti kubwa alijua fika kwamba suala lingeweza kupelekwa juu. Kwa hiyo, mahali penye shaka, mara nyingi jibu lilikuwa ndiyo.

Vita ya miaka minne

Siri hiyo haikufichuka kwa bahati. Sheria ya uhuru wa kupata habari, iliyopitishwa mwaka 2000, ilianza kutumika kikamilifu Januari 2005. Mwandishi wa habari Heather Brooke alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuitumia kuomba maelezo ya posho za wabunge. Bunge lilikataa. Shauri lilipanda kutoka kwa kamishna wa habari hadi kwenye baraza la rufaa, na hatimaye Mahakama Kuu. Mei 2008 majaji waliamua kwamba wananchi wana haki ya kujua fedha zao zinatumikaje, na kwamba Bunge litoe hesabu hizo.

Kabla ya hapo, mwaka 2007, Bunge la Makabwela lilikuwa limepitisha muswada binafsi ambao ungeliondoa Bunge katika sheria hiyo ya habari. Muswada ulikwama kwa sababu hakuna hata mjumbe mmoja wa Bunge la Malodi aliyekubali kuubeba. Januari 2009 serikali ya Waziri Mkuu Gordon Brown ilijaribu tena kuzuia hesabu zisitangazwe kwa ukamilifu, lakini ikarudi nyuma baada ya kelele kuwa nyingi.

Wakati Bunge likiandaa nakala zake, likifuta kwa wino mweusi anwani na mambo mengine liliyoona hayafai kuonekana, hesabu kamili ziliponyoka. Mtu wa kati aliziwasilisha kwa gazeti la Daily Telegraph zikiwa zimehifadhiwa kwenye kifaa cha kompyuta, na gazeti likazilipia. Mei 8, 2009 lilianza kuzichapisha, siku baada ya siku, kwa majuma kadhaa. Lilianza na mawaziri wa chama tawala cha Labour, kisha likawageukia Conservative na vyama vingine.

Bunge lilipotoa nakala zake rasmi Juni 18, kurasa nyingi zilikuwa zimejaa mistari myeusi. Wasomaji waliweza sasa kulinganisha kilichofichwa na kile walichokwisha kukisoma gazetini. Ilionekana wazi kwamba, kama isingekuwa nakala zilizovuja, mbinu kadhaa zisingegundulika kamwe, kwa kuwa anwani za nyumba ndizo zilizokuwa zimefutwa.

Mbinu zilizotumika

Hesabu zilizochapishwa zilikuwa za aina tatu, na ni muhimu kuzitenganisha.

Aina ya kwanza ni zile za kuchekesha na kukera: nyumba ya bata, usafi wa handaki la maji linalozunguka jumba la kifahari, kizibo cha beseni la kuogea, biskuti, balbu za taa. Mbunge Douglas Hogg, ambaye orodha yake ya gharama ilitaja handaki hilo, alieleza kwamba alikuwa na makubaliano na ofisi ya malipo, lakini akaahidi kurejesha fedha. Kiasi hakikuwa kikubwa, ila ndicho kilichokaa vichwani mwa watu. Mwananchi wa kawaida hawezi kukadiria bilioni, lakini anajua bei ya biskuti.

Aina ya pili ni zile zilizofuata kanuni huku zikivunja dhamira yake. Iliyo maarufu zaidi ni kugeuza nyumba. Mbunge aliiambia ofisi ya Bunge kwamba nyumba fulani ndiyo ya pili, akaikarabati kwa fedha za umma, kisha akabadili maelezo na kuitaja nyumba nyingine kuwa ya pili, nayo ikakarabatiwa. Wapo waliosema jambo moja kwa Bunge na jingine kwa mamlaka ya kodi, ili wasitozwe kodi ya faida walipouza nyumba. Waziri Hazel Blears, aliyesisitiza kuwa hakuvunja kanuni, alijitokeza mbele ya kamera akiwa ameshika hundi ya pauni 13,332, kiasi alichosema angekilipa kama kodi kwa hiari yake.

Aina ya tatu ni udanganyifu wa wazi. Elliot Morley, aliyewahi kuwa waziri, aliendelea kudai riba ya mkopo uliokuwa umekwisha kulipwa. David Chaytor alidai kodi ya pango kwa nyaraka za uongo. Jim Devine aliwasilisha ankara bandia. Walipofikishwa mahakamani, walidai kwamba kinga ya Bunge inawalinda na mashtaka ya jinai. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ilitupilia mbali hoja hiyo, ikisema kinga ipo kwa ajili ya mijadala na shughuli za Bunge, si kwa ajili ya fomu za kudai fedha. Mwaka 2011 Chaytor alihukumiwa kifungo cha miezi 18, Morley na Devine miezi 16 kila mmoja, na mwenzao Eric Illsley miezi 12. Wajumbe wawili wa Bunge la Malodi nao walifungwa mwaka huo huo.

Waliofungwa walikuwa wachache mno ukilinganisha na ukubwa wa Bunge lenye viti zaidi ya 600. Hapo ndipo ilipo sehemu ya hasira isiyopoa. Wengi walijitetea kwa sentensi moja, kwamba kila walichofanya kilikuwa ndani ya kanuni. Wananchi walijibu kwa swali moja: kanuni hizo zilitungwa na nani?

Kwa nini hasira ilikuwa kali

Wakati ulichangia. Mwaka 2008 mabenki makubwa ya Uingereza yalikuwa yameokolewa kwa fedha za walipa kodi. Watu walikuwa wakipoteza kazi, na wengine wakihangaika kulipia mikopo ya nyumba. Kusoma kwamba mbunge analipiwa riba ya mkopo wake na hazina ya taifa, kisha anauza nyumba na kutia faida mfukoni, lilikuwa jambo zito kulimeza.

Pili, ni usawa mbele ya karani. Mfanyakazi wa kawaida asiye na stakabadhi harejeshewi nauli. Mama anayepokea msaada wa serikali, akikosea kujaza fomu, huandikiwa barua ya kudaiwa na pengine kushitakiwa. Mbunge aliyekosea kujaza fomu aliruhusiwa kuomba radhi na kuandika hundi.

Athari za kisiasa zilikuja upesi. Mei 19, 2009 Spika Michael Martin, aliyeonekana kuwa mstari wa mbele katika kuzuia taarifa zisitoke, alitangaza kuachia ngazi. Alikuwa Spika wa kwanza kulazimishwa kuondoka tangu Sir John Trevor mwaka 1695. Katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya wa Juni mwaka huo, chama tawala kilishika nafasi ya tatu nchini mwake, nyuma ya Conservative na UKIP. Ukaguzi ulioongozwa na Sir Thomas Legg uliwataka wabunge zaidi ya 300, waliokuwapo na wa zamani, kurejesha jumla ya zaidi ya pauni milioni moja. Uchaguzi mkuu wa mwaka 2010 ulipofika, wabunge 149 hawakugombea tena, ingawa si wote waliong'atuka kwa sababu ya kashfa.

Watumishi wa mbunge: nani anaajiriwa, nani analipwa

Nyumba za pili ndizo zilizovuma, lakini fungu kubwa zaidi la fedha za umma zinazopita mikononi mwa mbunge ni mishahara ya watumishi wake. Mbunge wa Uingereza leo ana bajeti ya watumishi inayozidi pauni 200,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya mara mbili ya mshahara wake. Wanaolipwa kwa fedha hizo ni makatibu, watafiti, na wale wanaokaa ofisi ya jimbo kusikiliza shida za watu za makazi, vibali vya kuishi nchini na mafao yaliyocheleweshwa.

Kashfa ya watumishi ilitangulia ile ya nyumba. Januari 2008 kamati ya maadili ya Bunge ilibaini kwamba mbunge Derek Conway alikuwa akimlipa mwanawe mshahara wa mtafiti ilhali kijana huyo alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu wa muda wote, na hapakuwa na ushahidi wa kutosha wa kazi aliyoifanya. Conway alisimamishwa kuhudhuria Bunge kwa siku 10, akatakiwa kurejesha fedha, na chama chake kikamtenga.

Si kwamba kila ndugu aliyeajiriwa alikuwa hewa. Wapo wake na waume wa wabunge waliofanya kazi usiku na mchana kwa ujira wa kawaida. Tatizo lilikuwa kwamba mwajiri, msimamizi na mnufaika walilala chumba kimoja, na hapakuwa na mtu wa nje wa kuthibitisha kazi. Tangu uchaguzi wa mwaka 2017, wabunge wa Uingereza hawaruhusiwi kuwaajiri ndugu wapya kwa fedha za umma, ingawa waliokuwapo kabla ya hapo waliruhusiwa kuendelea.

Ufaransa ilijifunza somo hilo kwa gharama kubwa zaidi. Januari 2017 gazeti la Le Canard enchaîné liliandika kwamba François Fillon, aliyepewa nafasi kubwa ya kushinda urais, alimlipa mkewe kwa miaka mingi kama msaidizi wa bunge kwa kazi ambayo dalili zake hazikuonekana. Fillon alikanusha, lakini alishindwa katika duru ya kwanza. Mahakama ilimtia hatiani mwaka 2020, na baada ya rufaa kadhaa, mwaka 2025 alipewa adhabu ya kifungo cha miaka minne kilichoahirishwa pamoja na faini. Mwaka huo huo wa 2017 Ufaransa ilipiga marufuku wabunge kuwaajiri wenzi wao, wazazi na watoto.

Dawa iliyopatikana na mipaka yake

Jibu la Uingereza lilikuwa kuunda mamlaka huru, ijulikanayo kwa kifupi IPSA, kwa sheria ya mwaka 2009. Ilianza kazi Mei 2010. Ndiyo inayopanga posho, kuzihakiki na kuzilipa, na baadaye ikapewa pia jukumu la kupanga mishahara ya wabunge. Madai ya kila mbunge huchapishwa kwenye mtandao mara kwa mara, na yeyote anaweza kuyasoma. Posho haiwezi tena kulipia riba ya mkopo wa nyumba. Mbunge wa mbali hupanga nyumba, na pango lina ukomo.

Je, hasira imekwisha? La. Mwaka 2015 mamlaka hiyo ilipandisha mshahara wa mbunge kutoka pauni 67,060 hadi 74,000, wakati watumishi wengine wa umma wakibanwa kwa nyongeza ya asilimia moja. Mwaka 2020, mwanzoni mwa janga la korona, wabunge waliruhusiwa kutumia hadi pauni 10,000 za ziada ili watumishi wao wafanyie kazi nyumbani. Taarifa zilisambaa kana kwamba kila mbunge amewekewa fedha hizo mfukoni.

Mfano huo wa mwisho unaonyesha hatari ya upande wa pili. Kila hesabu za mwaka zinapotoka, huchapishwa orodha za wabunge waliotumia fedha nyingi zaidi. Ndani ya jumla hiyo mishahara ya watumishi huchukua sehemu kubwa, ikifuatiwa na pango la ofisi na nauli. Mbunge anayetoka kisiwa cha mbali cha Scotland ataonekana mtumiaji mkubwa kuliko yule anayefika Bungeni kwa treni ya chini ya ardhi. Mbunge asiye na ofisi jimboni, asiyejibu barua ya mtu yeyote, ataonekana mtunzaji mzuri wa fedha za umma. Msomaji anayetaka kutenda haki hana budi kuuliza maswali mawili: fedha zilikwenda kwa nani, na kazi ipi ilifanyika?

Afrika Mashariki

Mjadala huu si mgeni katika ukanda huu, ambako mabunge yalianza kwa kufuata mfano wa London. Nchini Tanzania, mwaka 2011, Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, alikataa kupokea posho ya vikao, akisema kukaa kikaoni ni sehemu ya kazi ambayo mbunge tayari analipwa mshahara. Mwishoni mwa mwaka huo Spika Anne Makinda alithibitisha kwamba posho hiyo ilikuwa imepanda kutoka Sh70,000 hadi Sh200,000 kwa siku, kwa sababu ya kupanda kwa gharama za maisha Dodoma. Walimu na madaktari, waliokuwa na madai yao, hawakukosa kuipigia hesabu nyongeza hiyo.

Kenya ilikwenda mbali zaidi. Katiba ya mwaka 2010 iliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, ili wabunge wasijipangie malipo. Mwaka 2013 tume hiyo ilishusha mshahara wa mbunge kutoka takriban Sh851,000 hadi Sh532,500 kwa mwezi. Wabunge wapya walipokataa, waandamanaji waliwaachilia nguruwe mbele ya lango la Bunge jijini Nairobi Mei 14, kama ishara ya ulafi. Yalipofikiwa maelewano, mshahara ulibaki chini lakini wabunge wakapata ruzuku ya Sh5 milioni ya kununulia gari. Desemba 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba posho ya nyumba ya Sh250,000 kwa mwezi waliyojilipa bila idhini ya tume ni batili. Na Julai 2024, maandamano ya vijana dhidi ya muswada wa fedha yakiwa bado yamepamba moto, tume hiyo ilisitisha nyongeza iliyokuwa imepangwa kwa wabunge na maofisa wengine wa serikali.

Kinachojirudia London, Nairobi na Dodoma ni kile kile. Mshahara ukiogopwa kutajwa hadharani, fedha hutafuta mlango wa nyuma, na mlango huo huitwa posho. Tume huru husaidia, mradi iwe na meno na mahakama isimame nyuma yake. Lakini Uingereza ilipata tume yake baada tu ya hesabu kuonekana. Sheria ya habari ilikuwepo tangu mwaka 2000, na mwandishi mmoja alihitaji zaidi ya miaka minne kuwalazimisha wakubwa waitii. Katika mabunge mengi duniani, stakabadhi hizo bado zimefungiwa kabatini.